Mbunge, MCA, mwakilishi wa kike au seneta: shida yako uipeleke mlango upi Kenya

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura Kenya hupewa karatasi sita. Ukiweka kando ya rais na ya gavana, nne zilizobaki ni za watunga sheria: mbunge wa eneobunge, mwakilishi wa kike wa kaunti, seneta, na mwakilishi wadi ambaye karibu kila mtu humwita MCA. Wakati wa kampeni wote wanne huahidi barabara, maji na karo. Baada ya kura, sheria inampa kila mmoja uwezo wake na mipaka yake, na mkazi asiyeijua mipaka hiyo huzungushwa ofisi hadi ofisi muhula mzima.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nani anakufahamu, tafuta kazi hiyo ni ya serikali gani. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi na machifu ni vya serikali ya kitaifa. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, taa za barabarani na barabara za kaunti ni vya gavana na bunge la kaunti.

| Ofisi | Eneo lake | Fedha zilizo karibu naye | Mpelekee | Usimpelekee |
|---|---|---|---|---|
| Mbunge | Eneobunge (yako 290) | NG-CDF (hazina ya maendeleo ya maeneobunge) | Karo, madarasa, kituo cha polisi, ofisi ya chifu, malalamiko dhidi ya wizara | Zahanati, chekechea, maji ya kaunti |
| MCA | Wadi (ziko 1,450) | Bajeti ya kaunti | Zahanati, barabara ya kijijini, soko, maji, basari ya kaunti | Kituo cha polisi, madarasa ya sekondari |
| Mwakilishi wa kike | Kaunti nzima (ziko 47) | NGAAF (hazina ya kitaifa ya makundi yaliyoachwa nyuma) | Vikundi, mayatima, walemavu, wazee, wahasiriwa wa dhuluma za kijinsia | Miradi mikubwa ya ujenzi |
| Seneta | Kaunti nzima | Hana hazina ya miradi | Fedha za kaunti zilizopotea, mradi wa gavana uliokwama | Karo, mtaji, chochote kinachotaka hundi |

Tuanze na karo, maana ndiyo inayojaza ofisi hizi kila Januari.

Karo: milango mitatu

NG-CDF ndiyo ya kuanza nayo kwa mwanafunzi wa sekondari, chuo cha ufundi au chuo kikuu. Sheria yake ya 2015 inaitengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa katika mapato ya nchi, na kiasi hicho ndicho hugawanywa kwa maeneobunge yote. Mbunge mwenyewe si mwanachama wa kamati inayogawa, wala hatii saini kwenye hundi. Kamati ina afisa wa utawala wa serikali ya kitaifa, wanaume wawili na wanawake wawili (katika kila jozi mmoja awe kijana), mtu mwenye ulemavu, na afisa aliyetumwa na Bodi ya kitaifa, ambaye ofisini huitwa meneja wa hazina. Mkono wa mbunge unaingia kupitia watu wawili wanaopendekezwa na ofisi yake ya eneobunge. Ndiyo maana kumvizia matangani umnong'oneze shida yako hakusaidii kama fomu yako haiko kwenye faili.

Fomu hutolewa bure, kwenye ofisi ya NG-CDF, kwa chifu, au mtandaoni katika maeneobunge yaliyohamia huko. Anayekuuzia anakuibia. Huwa na sehemu nne hivi: habari za mwanafunzi, hali ya familia, sehemu ya shule, na sehemu ya chifu au naibu wake. Ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha mwanafunzi, kitambulisho cha mzazi, barua ya kujiunga na shule au ripoti ya muhula uliopita, na orodha ya karo yenye muhuri wa shule. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu, kadi ya NCPWD, yaani baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu.

Fomu nyingi huangukia kwenye sehemu ya shule. Mzazi huandika jina la shule kama linavyotamkwa kijijini, kumbe kuna shule tatu za jina hilo katika kaunti mbili. Andika jina kama lilivyo kwenye muhuri, pamoja na nambari ya usajili ya mwanafunzi na akaunti ya benki ya shule. Fedha haziji mkononi mwa mzazi hata siku moja. Hundi huandikwa kwa jina la shule, na kama jina limekosewa benki huirudisha. Mtoto akihama baada ya kuomba, iarifu ofisi kwa maandishi mara moja, kwa sababu hundi itafuata shule ya zamani, na shule hiyo haina haraka ya kurudisha pesa. Hundi pia hufa: ikikaa miezi sita bila kupelekwa benki haikubaliwi tena, na kuandikiwa nyingine huchukua muda kuliko ya kwanza. Orodha ikishabandikwa, nenda shuleni baada ya wiki mbili tatu udai risiti yenye jina la mtoto wako.

Kisha kuna tatizo la kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, wa shule huanza Januari. Wizara ya Elimu huigawa karo ya mwaka kwa mihula mitatu kwa uwiano wa 50, 30 na 20. Kwa shule ya bweni ya kitaifa iliyowekewa Sh53,554 kwa mwaka, muhula wa kwanza pekee unadai karibu Sh26,800, na huo ndio wakati ambao Hazina Kuu mara nyingi bado haijatuma mgao. Wabunge hulalamika bungeni kuhusu ucheleweshaji huu karibu kila mwaka. Basari ikishapitishwa lakini pesa hazijafika, iombe ofisi barua ya kuthibitisha kiasi ulichopewa, umpelekee mwalimu mkuu. Barua hailipi karo, ila walimu wakuu wengi huikubali na mtoto hubaki darasani.

Basari ya kaunti ndiyo mlango wa pili. Kamati za wadi huisimamia, na MCA ana sauti kubwa humo. Faida yake ni ukaribu: kamati ya wadi inazijua nyumba, na waombaji ni wachache kuliko wa eneobunge zima. Udhaifu wake ni wa kisheria. Elimu ya sekondari si jukumu la kaunti, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzitaka kaunti zisitoe basari hizo bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana walipinga, suala likafika mahakamani. Ichukue ukiipata, lakini usipange karo ya miaka yote juu yake. Kwa mtoto wa chekechea au kijana wa chuo cha ufundi cha kijijini, huu ndio mlango wa kwanza, kwa sababu hapo kaunti iko nyumbani kwake.

Mlango wa tatu ni NGAAF, hazina iliyo chini ya mwakilishi wa kike tangu 2015. Fedha zake hutandazwa kaunti nzima, kwa hiyo mgao kwa kila mtu huwa mwembamba. Inafaa pale mwombaji anapoingia waziwazi katika makundi inayolenga: yatima, msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, mwanafunzi mwenye ulemavu. Kwa mzazi wa kawaida aliyeishiwa tu, NG-CDF ina nafasi kubwa zaidi.

Kuomba milango yote mitatu kwa mtoto mmoja hakukatazwi na Katiba, lakini fomu nyingi huuliza kama umepata msaada kwingine. Jibu ukweli. Ofisi zikilinganisha orodha wakaona umeficha, jina hutolewa kote.

Bili ya hospitali

Hapa wengi hupoteza muda. NG-CDF hailipi bili za wagonjwa. Afya imegatuliwa, na hata akiba ya dharura ya hazina hiyo, asilimia 5, ni ya mahitaji ya ghafla ya eneobunge kama paa la shule lililong'olewa na upepo. Mbunge akikulipia bili, anatoa mfukoni mwake, na tangu rais apige marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee mnamo Julai 2024 wengine wamepata sababu nzuri ya kukataa.

Katika hospitali ya umma, mwone kwanza afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Yeye ndiye huandika tathmini ya familia na kuipeleka kwa kamati ya kusamehe bili. MCA anaweza kusukuma hapo, kwa sababu hospitali ni ya kaunti na bunge lake ndilo hupitisha bajeti yake. Mgonjwa akizuiliwa kwa ajili ya deni, kumbuka kwamba Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa baada ya kujifungua, kwamba kuwazuia hivyo ni kinyume cha Katiba. Kulitaja hilo kwa upole mbele ya msimamizi wa hospitali hufanya kazi kuliko kumpigia mbunge simu saa nne za usiku. Na kama familia haijajiandikisha SHA, yaani bima ya afya ya serikali, fanya hivyo kabla ya ugonjwa, si siku ya kulazwa.

Barabara na maji: MCA, lakini kwa tarehe

Barabara kuu ni za KeNHA, za mijini zilizo mikononi mwa serikali ya kitaifa ni za KURA, za mashambani za ngazi ya juu ni za KeRRA. Hizo mpelekee mbunge. Kijia kinachoshuka kutoka barabara kuu hadi shule, soko au mto karibu daima ni cha kaunti. Ukiwa na shaka, ofisi ya KeRRA ya kaunti ina ramani na namba ya kila barabara. Uliza, ni dakika tano.

Ukishajua ni ya kaunti, kinachoamua ni kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti yenyewe hupitishwa kabla ya 30 Juni. Mradi usiokuwamo katika mpango wa Septemba una nafasi ndogo sana ya kupata pesa Julai inayofuata. Mkazi anayemwendea MCA Novemba kudai kalvati huambiwa "tutaangalia", na MCA hasemi uongo: mlango umefungwa hadi mwaka ujao, isipokuwa kupitia bajeti ya nyongeza.

Basi peleka ombi Juni au Julai, kwa maandishi. Taja mahali barabara inapoanzia na inapoishia, urefu wake kwa kilomita, ni shule au zahanati gani inaitegemea, na mahali maji ya mvua yanapoikata. Saini 30 za wakazi zenye nambari za vitambulisho zina uzito kuliko video ya WhatsApp. Kisha mje kwenye kikao cha kukusanya maoni ya umma kwenye wadi, mlitaje ombi hilo kwa sauti liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwaka ukifuata mkaliona limeachwa, kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wenu.

Seneta hatengenezi barabara. Lakini kama bajeti inaonyesha pesa za barabara hiyo zilitengwa na kulipwa, na barabara haipo, hapo ndipo mpelekee seneta: Seneti ndiyo yenye kamati zinazowaita magavana kujibu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Mtaji wa kikundi: ruzuku au mkopo?

Kikundi kisichosajiliwa hakipati senti. Chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022, kikundi cha kawaida kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba yake, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Usajili hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Ongeza akaunti ya benki yenye angalau watia saini watatu.

NGAAF hutoa ruzuku na vifaa: tanuri la mikate, mashine ya kusaga lishe ya ng'ombe, mizinga ya nyuki, mahema na viti vya kukodisha. Hakirudishwi kitu. Uwezo Fund, ambao kamati yake nayo iko katika eneobunge, hutoa mkopo usio na riba, na kikundi kinachochelewa kulipa hujifungia mlango wa awamu inayofuata. Kikundi kipya chenye wanachama walio na mapato duni kiombe NGAAF. Kikundi ambacho tayari kinauza kitu kila wiki kiende Uwezo, kwa sababu ruzuku ya vifaa huja mara moja, na mara nyingine huleta kisichohitajika. Chumba kilichojaa viti vya plastiki katika kijiji chenye vikundi vinne vya kukodisha viti si mtaji. Andika katika pendekezo kifaa unachotaka hasa, bei yake kutoka kwa wauzaji wawili, nani atakiendesha na kitafungiwa wapi usiku.

Malalamiko: swali bungeni, ombi la umma, au ombudsman

Kama tatizo ni wizara, shirika la serikali, fidia ya ardhi isiyolipwa, au walimu wasiotumwa, hapa ndipo mbunge anapofaa zaidi, na ndipo hutumiwa kidogo zaidi. Anaweza kuandika swali kwa Waziri, ambaye siku hizi hufika bungeni kujibu ana kwa ana. Swali zuri ni fupi na lina jina la mahali, tarehe na jambo moja. Mpe mbunge nakala za barua mlizoandika na majibu mliyopata. Msaidizi wake hana muda wa kutafuta.

Njia ya pili haimtegemei mbunge hata kidogo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Sheria ya 2012 inataka ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Liseme kama mmelipeleka kwingine na mlijibiwaje, na kama jambo liko mahakamani. Kila karatasi ya saini ibebe kichwa cha ombi juu yake. Karatasi ya saini isiyo na kichwa hukataliwa, na sababu iko wazi: saini zingeweza kuchukuliwa kwa jambo lingine. Kila mtia saini aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyeandika aweke alama ya kidole gumba.

Ombi limalizike kwa kitu kinachoweza kutekelezwa. "Serikali itusaidie" haimpi mtu yeyote kazi. Hili linatosha:

*Kwa hivyo waombaji wanaliomba Bunge la Kitaifa, kupitia kamati husika, lichunguze kwa nini fidia ya ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya barabara hiyo haijalipwa, na lipendekeze tarehe ya kulipwa kwake.*

Mpelekeeni Karani wa Bunge, moja kwa moja au kupitia mbunge. Ana siku saba za kulikagua, kisha humpelekea Spika. Likikubaliwa hupewa kamati, na kamati huwekewa muda wa kutoa ripoti. Suala la kaunti lipelekwe Seneti au katika bunge lenu la kaunti. Mkilipeleka Bunge la Kitaifa litarudishwa.

Kwa jambo dogo la mtu mmoja, kama pensheni iliyokwama au kitambulisho kisichotoka, ombi la umma ni nyundo ya kuulia mbu. Andikia Tume ya Haki ya Utawala, ile ya ombudsman inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Haitozi chochote.

Kujua mbunge wako amefanya nini hasa

Bango la mradi lenye picha ya mbunge halisemi mengi. Darasa lililojengwa kwa NG-CDF limejengwa kwa kodi, na lingejengwa hata kama mbunge angekuwa mwingine. Tofauti ni kama kamati ilichagua vizuri na kama kuta zimenyooka. Mpime kwa mambo mawili tofauti. Kwanza, kazi yake bungeni: Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, iko mtandaoni bure, tafuta jina lake na jina la eneobunge, uone aliuliza nini, alileta mswada gani, ombi gani. Pili, orodha ya miradi: nenda ofisi ya NG-CDF uombe orodha iliyoidhinishwa na kiasi kilicholipwa kwa kila mradi. Wakikataa, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, na gharama pekee unayoweza kutozwa ni ya kunakili na kukufikishia nakala. Malalamiko kuhusu hazina yenyewe huenda kwanza kwa Bodi ya NG-CDF Nairobi, kabla ya mahakama.

Hazina hiyo yenyewe haijatulia. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema inakiuka Katiba na kuipa muda hadi 30 Juni 2026. Rufaa ikafuata, na Julai 2025 Bunge la Kitaifa likapitisha mswada wa kuiingiza ndani ya Katiba, pamoja na NGAAF na hazina ya usimamizi ya Seneti. Mzazi mwenye mtoto anayeingia Gredi ya 10 aulize ofisini, kwa maandishi, kama basari ya mwaka unaofuata imetengewa fedha.

Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027. Bunge likimaliza muhula, maombi ya umma ambayo hayajakamilika hufa nalo, na lazima yaletwe upya katika Bunge jipya, saini na yote. Kamati mpya za NG-CDF nazo huchukua miezi kuundwa. Ombi lenye saini mlipeleke kabla ya mwisho wa 2026, ili muda wa kamati uishe kabla ya wabunge kutawanyika kwenda kampeni.